Tembezi Imevuka Ua

Myanga,
9 Machi 2025

Kwa Nasambu wangu,

Salamu zangu zikukute mzima, umekula na umejifunika vizuri, maana najua baridi ya Kitale haina adabu. Mimi huku niko sawa isipokuwa goti. Ng'ombe amezaa ndama jike mwenye doa jeupe usoni. Kina mama wa kanisa wamenichagua tena niwaongoze, ingawa mara ya kwanza nilikataa kwa heshima na mara ya pili nikakataa bila heshima. Maboga yamenuna tangu nilipoyahamishia karibu na choo. Yamenigeuzia mgongo yote, hata nikipita na maji hayanitazami.

Barua hii ataileta Wekoye na lori lake la mashudu. Usiniulize tena kwa nini sipigi simu. Unajua maharagwe ya huku yalivyo na masikio. Juzi jirani alimpigia dada yake akiwa amesimama shambani, akamweleza mambo ya ndoa yake, na kabla hajakata simu maharagwe yalikuwa yamepitisha maneno mizizi kwa mizizi hadi sokoni. Waliokuwa wananunua omena walipata habari kumshinda dada mtu. Barua haina mizizi.

Sasa neno lenyewe. Mvua imekaribia na nataka unirudishie ile tembezi. Nilikupa ulipohamia Kitale ili usikae katika nyumba isiyo na mboga ya kwenu. Nyumba ya mwanamke wa ukoo wetu bila tembezi mlangoni ni kibanda cha kuwekea majembe, na Kukhu, bibi yako, angekwambia hivyo hivyo kama angekuwapo. Lakini Pasaka inakuja, kina mama watakula kwangu, na majani hayatatosha. Usiniulize ile yangu imefanya nini. Iko. Nataka tu na yako.

Uichimbe asubuhi kabla haijanyoosha miguu. Uisalimie kwanza, kisha uifunge kwa kitambaa chenye maji. Usiichanganye na vitunguu kwenye kikapu, watatukanana njia nzima.

Ni mimi ninayekupenda kuliko ninavyosema,
Shangazi Jentrix


Kitale,
6 Aprili 2025

Shangazi mpendwa,

Nimefurahi kusikia habari ya ndama, na goti nimeliombea. Barua yako imechelewa kwa sababu Wekoye aliikalia. Simaanishi alichelewa nayo, namaanisha ilikuwa chini yake kwenye kiti wiki nzima na zaidi, ndiyo maana imefika imekunjika hivi.

Kazi dukani ni nyingi kwa vile watu wanapanda. Mahindi ya mbegu ya huku yana majivuno, hayatoki guniani mpaka uyaite kwa jina na namba yake. Miche ya kabeji inagombana kutwa nzima juu ya nani amemkanyaga nani, nami nakaa katikati yao kama mwalimu wa nasari. Sukuma wiki yangu nyumbani inakua, ingawa bado inazimia ikiona kisu.

Kuhusu tembezi, usiwe na wasiwasi. Ina afya nzuri kabisa, majani mapana, shina nene. Iko tu upande wa pili wa ua. Nisingesema imetoroka. Imetoka kidogo. Huko kuna jirani anayeitwa Ngige, anafuga ng'ombe wa maziwa pamoja na mama yake, Mama Wamboi. Ngige ndiye aliyeiona kwanza asubuhi, imejiketisha kando ya zizi lao. Ngige anafikiri ni samadi iliyoivuta. Siku ya mvua ya mawe Ngige aliifunika kwa koti lake mwenyewe, koti zuri la kwenda kanisani. Mimi huenda kuitazama kila jioni, maana mtu hawezi kuiacha mboga ya kwao peke yake kwa watu.

Kwa Pasaka naona haitawezekana, Shangazi. Haipendi kusumbuliwa sasa hivi. Wasalimie maboga.

Mtoto wako,
Nasambu


Myanga,
27 Aprili 2025

Nasambu,

Tumefufuka salama na nakutumia salamu za Pasaka. Ndama anaendelea, na boga moja limeanza kunitazama kwa jicho la pembeni. Kina mama walikuja, wakala sukuma wiki iliyozimia, na mke wa mchungaji akaniuliza kwa sauti ya huruma kama kuna tatizo hapa kwangu. Nilimjibu kwamba tembezi inapumzika.

Barua yako nimeisoma nikiwa nimevaa miwani, nikairudia. Jina la Ngige limo mara nyingi kuliko jina la mboga.

Nikwambie jinsi ninavyoona mimi. Mboga yetu inayolala kwa watu ambao hawajawahi kufika kwetu kujitambulisha, hiyo imetoroshwa. Angekuwa msichana tungetuma wazee wakaulize kama ameonekana huko, wakae, wazungumze, neno liishe. Sioni kwa nini mboga idharauliwe. Usinieleze habari za samadi. Hapa kwetu samadi imejaa na hakuna tembezi iliyowahi kuhama kwa ajili yake. Wewe unajua tembezi huhama kwa sababu gani, na mimi najua, na hakuna anayelazimishwa kuiandika.

Wekoye anakuletea munyu, ile chumvi yetu ya majivu, nimeichuja mwenyewe. Uimwage kuanzia zizini kwao hadi mlangoni kwako. Tembezi ya kwetu haiwezi kuacha munyu. Itaufuata mpaka nyumbani, nawe uifunge, umpe Wekoye, na tusiongee tena jambo hili.

Na hilo koti la kanisani, limefuliwa na nani?

Shangazi Jentrix


Kitale,
18 Mei 2025

Shangazi wangu,

Habari za siku nyingi. Nilikuwa na mafua lakini yamekwisha, nililetewa maziwa ya moto. Aliyeleta si muhimu.

Munyu nilimwaga kama ulivyoagiza. Tembezi ilitoka zizini, ikaufuata taratibu hadi mlangoni kwangu ikila yote, nikafurahi, nikaingia ndani kuchukua kitambaa. Niliporudi ilikuwa imeshavuka ua tena, imeshiba. Ngige alicheka mpaka akakaa chini. Nilimwambia si jambo la kucheka, naye akaniomba msamaha huku akiendelea kucheka.

Kuna jambo jingine na nakuomba ukae kwanza. Mama Wamboi ameipika. Hakuikata vibaya, alichuma majani kwa adabu kama mtu anayepunguza nywele. Lakini hakuilaza na maziwa usiku kucha kama tunavyofanya sisi. Aliiponda pamoja na viazi na mahindi. Nilitaka kukasirika kwa niaba ya ukoo, Shangazi, ila mdomo ulikuwa umejaa. Na tembezi yenyewe badala ya kununa imechipua upya kila upande. Siielewi.

Sasa nami nina swali. Wekoye anasema pale mlangoni kwako pamebaki udongo mtupu, na kuna kijifereji kinachotoka hapo kwenda barabarani. Ile yako iko wapi? Na wewe, uko sawa kweli? Katika barua zako unaniandikia goti na maboga, lakini huniandikii unakula na nani jioni.

Nasambu


Myanga,
1 Juni 2025

Nasambu,

Salamu ni zile zile na goti ni lile lile.

Wekoye aendeshe lori. Sikumwajiri akague mlango wangu.

Viazi. Nimekaa na hilo neno tangu jana na bado halijashuka. Kukhu aliivukisha mboga hiyo mto Nzoia kwenye kitambaa chake cha kichwani ili leo ipondwe na viazi.

Nakuja Jumamosi tarehe 21 Juni. Nakuja na Mzee Khaemba, ambaye anajua kusema, na mama mmoja wa kanisa ambaye anajua kunyamaza. Tutaingia kwa huyo Wamboi na kuulizia mboga yetu jinsi inavyotakiwa. Waambie wasijisumbue kupika. Watu waliokuja kuuliza hawali katika nyumba hiyo mpaka neno liishe, na neno likiisha vibaya wanaondoka na njaa yao.

Shangazi


Kitale,
12 Juni 2025

Shangazi,

Natumaini barua hii itakukuta kabla ya safari. Nimemsihi Wekoye asiikalie.

Tafadhali usije kwa ajili ya mboga. Kukhu alitufundisha sote, mimi nikiwa bado nabebwa mgongoni, kwamba tembezi huenda pale moyo wa mwenyewe ulipokwenda. Yangu ilivuka ua kabla mimi sijavuka. Asubuhi ile nilipoikuta zizini kwa akina Ngige niliona aibu kama mtu ambaye mawazo yake yamesomwa kwenye spika ya kanisa. Ndiyo maana nimekuwa nikikuandikia samadi.

Nampenda Ngige. Sijui nikueleze vipi, ni mtu ambaye hasemi sana na akisema hataki kushinda. Ameniomba tuoane. Nimemwambia sitajibu mpaka wewe useme, kwa sababu tangu baba na mama waondoke ni wewe uliyenilea, uliyenisuka, uliyenipeleka shule, na wewe ndiwe mzazi ninayemjua. Nimeogopa kukwambia kwa vile ni kwa watu wengine na ni mbali, na najua nikiolewa huku sitarudi Myanga kukaa.

Ukisema hapana, nitaichimba tembezi nirudi nayo. Sijui kama nitakuwa nimerudi kweli, lakini nitarudi.

Mwanao,
Nasambu


Myanga,
29 Juni 2025

Nasambu,

Tulifika salama. Goti limevimba kwa safari. Ndama ameota pembe ambazo bado ni vidoti.

Barua yako ya tarehe 12 niliipata Jumatatu, tayari nimetoka kwenu. Lori la Wekoye liliharibika Bokoli, na barua ikalala gereji wakati mimi nimekaa sebuleni kwa Wamboi nimekunja uso. Ningalikuwa nimeisoma, sijui kama ningalikunja uso zaidi au ningalibaki nyumbani.

Wewe ulijificha jikoni, kwa hiyo hukuona yote. Mzee Khaemba alisimama, akavua kofia, akasema, "Sisi tumekuja juu ya mboga yetu. Tumesikia ati inalala hapa." Wamboi alimtazama, akanitazama, akasema, "Mboga? Watu wametoka Bungoma na njaa, halafu mnataka tukae tukiongea mboga? Si mkule kwanza, mama. Hiyo mboga haiendi mahali." Nikamwambia hatuli. Akasema chakula kitapoa. Nikamwambia kipoe. Yule mama ana kichwa kigumu, na nakiri nilianza kumpenda hapo, ingawa sikumwonyesha.

Ndipo kijana akaniomba nikaione. Nikamfuata hadi zizini. Akaniambia, "Mama, mimi sikuiita. Lakini ikikuja siwezi fukuza. Jioni naiwekea maji, na asubuhi naipigia hodi ndio nipitishe ng'ombe." Nikatazama chini. Kati ya kwao na kwako kuna mtaro, na juu ya mtaro ameweka ubao, ameupigilia vizuri, mpana wa kutosha mizizi. Nikamwuliza ni wa nini. Akasema, "Ni wa yeye. Ndio akitaka kurudi kwa Nasambu asiingie matope." Nasambu, kijana ameitengenezea mboga daraja la kumwacha.

Niliporudi ndani, Mzee Khaemba alikuwa amemaliza sahani ya viazi na tembezi na anaongezewa. Anasema alisahau. Nilimwambia arudi Myanga na gari la mtu mwingine.

Ulitaka jibu langu. Kijana sina neno naye. Mama yake tutapigana lakini tutaelewana. Ila sijasema ndiyo na leo sitasema, na usiniulize kinachonizuia. Swali lako la ile tembezi yangu nalo sijalisahau. Nimelikataa tu.

Shangazi Jentrix


Kitale,
20 Julai 2025

Shangazi,

Sina salamu nyingi leo. Wekoye ameiona tembezi yako.

Usimkemee, hakuitafuta. Alisimama kupoza injini hapo mbele ya Kamukuywa, akaikuta kando ya lami, majani yamejaa vumbi la malori, mizizi imechubuka, imelala kivulini pa kibao cha barabara. Anaijua kwa ule ukingo wake wa zambarau. Aliinyunyizia maji ya rejeta iliyopoa, ikajikung'uta, ikaendelea na safari. Imeelekea huku. Aliuliza njiani akirudi. Muuza ndizi wa Misikhu aliiona ikipita wakati wa kupalilia. Bokoli, watoto wa gereji waliitilia maji mwezi wa tano. Kanduyi ilipita zamani, mwezi wa kwanza, hata kabla ya mvua.

Kwa hiyo iliondoka Januari, Shangazi. Mimi niliondoka Januari.

Uliniandikia kwamba iko. Uliwaambia kina mama inapumzika. Mboga yako inanifuata kwa miguu mwaka mzima huu, inapita magari na mbuzi na mitaro, na wewe unaniandikia maboga yamenuna. Nilisoma ujumbe wa Wekoye nikiwa dukani, nikalia mbele ya wateja. Hata kabeji ziliacha kugombana.

Sikujua. Siku naondoka ulicheka, ukanifungia sanduku, ukasema sasa utapata nafasi ya kulala katikati ya kitanda. Nilikuamini. Nilidhani umefurahi.

Ngige amenikuta nalia na nimemweleza yote. Amesema tungoje, hata ikiwa ni miaka. Mimi nakwambia hivi: sitampa ndiyo ambayo itakuacha wewe peke yako ukizungumza na ndama. Niambie kweli nifanye nini.

Nasambu


Myanga,
3 Agosti 2025

Nasambu mwanangu,

Salamu zitangoja, na goti nalo lingoje.

Ni kweli. Iliondoka wiki ile ile uliyoondoka. Asubuhi niliikuta getini, nikaibeba nikairudisha, nikaizungushia mawe. Kesho yake mawe yalikuwapo, yenyewe haikuwapo. Niliifuata hadi barabarani, nikaiona inavyojikokota kuelekea Bungoma mjini, nikashindwa kuiita. Ningeiita niiambie nini? Ilikuwa inakwenda nilikotaka kwenda mimi.

Sikukwambia kwa sababu ni mimi niliyekutuma. Nilikwambia nenda, kazi ni nzuri, mimi ni mtu mzima. Mtu aliyesema hivyo mbele ya kanisa zima hawezi tena kusema kwamba mboga yake haikukubali. Ndiyo maana nilitaka yako irudi, ili hapo mlangoni pawe na kitu cha kijani na watu wasiniulize. Nilikuwa mpweke, Nasambu. Bado niko. Jioni ndiyo mbaya, pale sufuria inapokuwa kubwa kuliko chakula. Haya, nimeliandika, na maharagwe wasome wakitaka.

Lakini hutarudi hapa kwa ajili hiyo. Nimekaa nikaliwaza jambo hili mpaka mwisho wake. Wewe ukirudi Myanga, tembezi yako itachukua hiyo hiyo barabara kumfuata Ngige, na yangu itageuka kukufuata wewe, na tutakuwa ukoo wenye mboga zinazopishana Kamukuywa zikisalimiana. Watatucheka hadi Uganda.

Mwambie kijana ndiyo. Mwambie leo, usimngojeshe. Kisha yeye na watu wake waje Myanga, wapige hodi, wakae, wazungumze na Mzee Khaemba, ambaye nimemsamehe nusu. Mimi naanza kuja kwenu mara kwa mara, na nikija nitakaa, sitakuwa mgeni wa kunywa chai na kuangalia saa. Ndama nitamwachia jirani. Maboga tayari hayanihitaji. Wamboi nitamwonyesha tembezi inavyolazwa na maziwa, bila kiazi hata kimoja, naye akitaka kunibishia tutabishana jikoni, maana nimesikia ni pakubwa.

Jambo la mwisho, na hili ulifanye kama ninavyosema. Wekoye anasema kwa mwendo huu ile yangu itafika mlangoni kwenu kabla ya mwisho wa mwezi. Mwambie aisimamishe Kiminini. Aitilie maji, aiketishe kivulini kwa mtu wa kuaminika. Jumamosi itakayofuata nitashuka hapo, nitaichukua kikapuni, na kutoka hapo tutakuja pamoja. Sitaki Wamboi aone kwamba mboga yangu ilifika kwako kabla yangu.

Nakuja,
Shangazi yako Jentrix